Risala ya Wavua Besi wa Pruitt Bend Kuhusu Ufito Mwembamba wa Bwana Hargett

Mgeni rasmi, Bwana Garland Hargett, mwenye duka la magodoro na mwenye gati hili tulilolikalia, Mchungaji wetu, Mwenyekiti wetu, Bwana Hollis Bragg, wenzetu wa ng'ambo ya ziwa, ambao hatukuwaalika lakini tumewahesabia sahani, mabibi na mabwana:

Sisi wanachama wa Chama cha Wavua Besi wa Pruitt Bend tunakuamkia kwa heshima zote. Anayesoma risala hii ni katibu wetu, Bi Nadine Posey. Kwa kawaida kazi hii ni ya mwenyekiti. Leo mwenyekiti ameshikwa na kikohozi, makamu wake naye ameshikwa na kikohozi, na mweka hazina, ambaye hakukohoa, alikwenda kutafuta barafu tangu asubuhi na hajaonekana.

KUKUKARIBISHA

Karibu sana, Bwana Hargett. Kiti ulichokalia ndicho pekee chenye miguu minne iliyo sawa, na chai ya baridi iliyo mbele yako imetiwa sukari kama unavyoipenda. Samaki wanakaangwa pale nyuma. Utaona ni kambare, na ukila utajua kwamba ni wa kununua dukani. Kwa nini chama cha wavua besi kimekuandalia kambare wa dukani, ni jambo lililoelezwa mbele kidogo. Tunakuomba uvumilivu, na tunakuomba usiwaulize wapishi.

TULIKOTOKA

Chama chetu kilianza zamani, na kwa miaka mingi kila mtu alivua besi, samaki wetu wa ziwani mwenye mdomo mpana, alivyojua. Halafu ukaja mwavuli. Kwa faida ya wageni, mwavuli ni nyaya tano zilizotawanyika kama mbavu za mwavuli uliopoteza kitambaa, na kwenye ncha ya kila waya ananing'inia samaki wa mpira mwenye ndoana. Ukiuvuta majini wakati wa baridi, besi anaona kundi zima la vidagaa linapita mlangoni kwake, naye hana subira ya kuhesabu. Kwa mwavuli tulivua kama watu waliofunguliwa ghala.

Tatizo lake ni uzito. Ukishafunga samaki wote watano wa mpira na risasi zao za kuzamishia, una wakia tatu zinazoning'inia kwenye ncha ya ufito wa kuvulia. Mwenyekiti wetu ndiye aliyetangulia kuurusha, kwa ufito wake wa siku zote. Ulikatika katikati. Nusu ikaenda ziwani na mwavuli, nusu ikabaki mkononi mwake, naye akasimama ameishika kama mtu aliyeombwa amshikie mwenzake kitu kwa muda mfupi.

Hapo ndipo Dewitt Posey alipojitolea kututafutia ufito wa kufaa. Wote mnamjua Dewitt, fundi wa mabasi ya shule. Ni mtu ambaye akitaka kununua viatu hutembea dukani navyo mpaka wenye duka waanze kuzima taa. Alikwenda mjini Huntsville, kwenye duka la vifaa vya kuvulia, pamoja na mkewe, ambaye ndiye katibu anayesoma hapa, na maneno yaliyosemwa huko aliyasikia mwenyewe.

Muuzaji alikuwa kijana mwenye ndevu nyingi na adabu nyingi. Alimtolea ufito wa kwanza, akaupiga piga kwenye kiganja.

"Mzee, huu ndio mgumu kuliko yote. Haupindi hata kidogo."

"Mwanangu," Dewitt akamjibu, "hata gogo halipindi. Siku nikitaka kurusha gogo nitakuja kwako."

"Sasa unataka laini?"

"Nataka mgumu tumboni, mpole kwenye ncha. Nikirusha usinishtue bega. Samaki akivuta usimchane mdomo."

Kijana akatafakari, akaenda nyuma, akarudi na ufito mwingine. Ulikaribia futi nane. Mshikio wake ulikuwa mrefu wa kuingia kwapani, ili mikono miwili igawane kazi. Na juu ya mshikio palikuwa pameandikwa uzito unaoweza kuurusha, nao ulipita ule wa mwavuli na vyambo vyake vyote. Kijana alichagua vizuri, na tunamshukuru. Lakini Dewitt haamini maandishi. Alitoa mfukoni kufuli la karakana, ambalo alikuwa amelipima nyumbani kwenye mizani ya unga likalingana na mwavuli, akalifunga kwenye mshipi, akatoka nalo hadi kwenye maegesho.

Hakulirusha kwa kishindo. Aliuzungusha ufito polepole kwa mikono miwili, kama mtu anayemwaga maji ya ndoo uani. Kufuli lilikwenda juu, likakaa huko, kisha likashuka ndani ya pikapu iliyokuwa ikitoka kwenda barabarani.

Rili, ile roda ya kukunjia mshipi, ikaanza kulia.

"Dewitt, achia," mkewe akamwambia.

"Siachii. Nautazama unavyopinda."

Aliufuata kwanza kwa kutembea, kisha kwa kukimbia, akipita katikati ya magari huku ufito umepinda kutoka ncha mpaka tumboni na hapo ukagoma kupinda zaidi. Pikapu ilisimama kwenye taa nyekundu. Dereva akatoa kichwa dirishani, akautazama mshipi, akamtazama Dewitt.

"Mzee, kuna kufuli lako kwenye mzigo wangu."

"Nalijua. Samahani sana. Taa ikiwa ya kijani, unaweza kusogea tena kidogo? Polepole tu."

Dereva alifikiri. "Huo ni futi ngapi?"

"Unakaribia nane."

"Haya, shika vizuri," akasema dereva, akasogea. Naye akaununua wa kwake siku hiyo hiyo.

Mgeni rasmi, hivyo ndivyo chama hiki kilivyopata ufito wake wa kweli, na Dewitt aliulipia kutoka mfukoni mwake.

ZAWADI YAKO

Wiki iliyofuata wewe, Bwana Hargett, ulikuja hapa gatini na zawadi. Tunakumbuka ulivyoitoa kwenye mfuko wake wa kitambaa kwa mikono miwili. Ulikuwa ufito mweupe wenye pete za rangi ya dhahabu, mwembamba kama ujiti wa ufagio, na jina lako limeandikwa pembeni. Ulipigwa picha ukimkabidhi Dewitt. Picha hiyo bado ipo kwenye lile bango kubwa la barabarani, wewe umetabasamu, Dewitt amefumba macho, na chini pameandikwa *Lala Vizuri*.

Siku ile ulisema maneno ambayo chama kimeyashika. Ulisema, "Nataka kuuona ukifanya kazi. Siku nitakayoukuta umetundikwa ukutani, nitajua hamlihitaji gati hili." Sisi tulicheka. Wewe hukucheka, nasi tukaacha.

Tulipofika nyumbani tulisoma kilichoandikwa juu ya mshikio. Ufito wako umetengenezwa kurusha robo wakia. Ni wa vijito vya milimani, wa samaki wanaotosha kwenye kiganja. Na mwavuli ni wakia tatu. Tuliitisha kikao. Ajenda ilikuwa moja: nani atashika ufito wa Bwana Hargett. Wote walisema wana matatizo ya mgongo isipokuwa Dewitt, aliyekaa kimya. Katika chama chetu anayekaa kimya huandikwa kuwa amekubali.

MAFANIKIO

Tangu hapo tumepata mafanikio mengi, nasi tutayataja machache.

Siku ya ufunguzi wa mashindano ya baridi, mbele ya umma wote, Dewitt aliurusha mwavuli kwa ufito wako kutoka hapa gatini. Ufito ulipinda kuelekea nyuma, ukaendelea kupinda, ukawaza, kisha ukaamua kubaki huko huko nyuma. Mwavuli ukaenda upande wa watu. Ndoana ya kwanza ilinasa kofia ya Mchungaji. Ya pili ilinasa kitambaa cha meza ya keki. Ya tatu ilinasa soseji juu ya jiko. Ya nne ilinasa bendera ya wenzetu wa ng'ambo, na ya tano ikaingia ndani ya tarumbeta la bendi ya shule na kung'ang'ania humo. Tunamshukuru Mungu hakuna mtu aliyeguswa. Tunapenda ifahamike kwamba katika historia ya chama hiki, ndiyo mara ya pekee ndoana zote tano zimepata kitu kwa mrusho mmoja.

Mchungaji alikuja kuchukua kofia yake, akamwekea Dewitt mkono begani. "Bwana Posey, umetuvua wengi leo kuliko mimi mwaka mzima."

Mafanikio ya pili ni maelewano kati ya Dewitt na ufito. Ili usivunjike, alianza kuupunguzia mzigo. Alitoa samaki mmoja wa mpira, kisha wawili. Mwisho akatoa wote, akawa anarusha nyaya tupu. Hata nyaya ufito ulizilalamikia. Akatoa nyaya, ikabaki pete ndogo ya kufungia mshipi. Pete hiyo, mgeni rasmi, ufito wako unairusha kwa uzuri ambao haujapata kuonekana kwenye ziwa hili. Kila Jumamosi ulipokuwa umeegesha gari lako pale juu, Dewitt alisimama kwenye boti akairusha pete tupu na kuirudisha, akairusha na kuirudisha, nawe ukamwashia taa za gari kumpongeza.

Siku moja mwenyekiti alimsogelea kwa boti yake.

"Vipi, leo wanakula?"

"Wale nini, Hollis?"

Mwenyekiti akageuza boti.

CHANGAMOTO

Pamoja na mafanikio hayo, changamoto hazikosi.

Kwanza, hatuvui samaki. Tulikuwa wa kwanza kwenye ziwa hili, sasa tuko wa mwisho, nyuma hata ya chama cha waganga wa meno, ambao wana boti moja na mmoja wao anaugua kichefuchefu cha mawimbi. Wenzetu wa ng'ambo wanatuita Wavua Upepo. Wako hapa leo, na tunaona wanatabasamu.

Pili, wapo waliopendekeza njia ya mkato. Mwenyekiti alikuja nyumbani kwa Dewitt na rangi nyeupe kwenye kopo.

"Tuupake ule wako wa Huntsville," akasema. "Tubandike jina la Garland. Toka kule kwenye gari ataona nini?"

"Ataona jina lake," Dewitt akasema.

"Si ndilo analolitaka?"

"Hollis, sibandiki jina la mtu kwenye kitu ambacho si chake. Kunywa kahawa yako."

Rangi ile imepakwa kwenye kibanda cha kuku cha mwenyekiti, na imependeza.

Tatu ni Dewitt mwenyewe. Dewitt halalamiki, na hilo ndilo tatizo lake. Ufito wa Huntsville ulilala chini ya kitanda kwenye mfuko wake. Jumapili baada ya ibada aliutoa, akaufuta, akauingiza mshikio kwapani, akasimama katikati ya sebule akiutazama ukuta. Kisha akaurudisha. Alianza kula kidogo. Kwenye karakana aliacha kupiga mluzi, mpaka madereva wa mabasi wakampigia simu mkewe kuuliza kama kuna msiba.

"Umemwambia Garland?" mkewe akamuuliza mezani.

"Nimwambie nini? Mtu amekupa kitu kwa mikono miwili."

"Basi mwambie kwa mdomo mmoja kwamba hakifai."

"Halafu achukue gati. Hollis atashushia wapi boti? Nyote mtashushia wapi?"

"Mwanamume mzima, unamwogopa muuza magodoro."

"Simwogopi," Dewitt akasema. "Hukumwona uso siku ile alipoutoa kwenye mfuko. Mimi nilimwona."

Bwana Hargett, katibu hakuelewa maneno hayo siku hiyo. Ameyaelewa baadaye, na sehemu inayofuata haikuwa kwenye risala ya kwanza iliyopitishwa na kamati. Kamati ilitaka tukushukuru tu na kukuomba mchango wa mabati.

JAMBO LILILOTOKEA KIJITONI

Mwezi uliopita Dewitt aliondoka nyumbani alfajiri na ufito wako, siku ambayo haikuwa Jumamosi. Hakuchukua boti. Mkewe, ambaye ni mtu wa kutaka kujua, alimfuata kwa miguu. Alimkuta nyuma ya kile kinu cha zamani cha pamba, amesimama ndani ya kijito, maji yamemfika magotini. Kwenye mshipi alikuwa amefunga chambo kimoja cha saizi ya punje ya harage.

Akaurusha. Ule ufito uliokuwa ukiinama mbele za watu kama mtu aliyetukanwa, pale kijitoni ulisimama wima ukaimba. Chambo kilitua juu ya maji bila hata kuyaamsha. Samaki mdogo akakidaka, ncha ikatetemeka, na Dewitt Posey akacheka peke yake. Mkewe hakuwa ameisikia sauti ile tangu mwanzo wa baridi.

"Nimekuona hapo nyuma ya mti," akasema bila kugeuka. "Vua viatu, njoo ushike."

"Maji ni baridi."

"Njoo ushike, Nadine. Uone."

Akaingia, akashika. Samaki aliyefuata hakuzidi kiganja, lakini mkononi alisikika mwili mzima, kila alipogeuza mkia. Wakamtoa ndoana wakamrudisha.

"Ufito huu hauna kosa," Dewitt akasema. "Garland alichagua vizuri. Sisi ndio tuliomtwisha paka mzigo wa punda." Akakunja mshipi. "Hivi yeye mwenyewe amewahi kuvua?"

Walirudi nyumbani miguu ikiwa imekufa ganzi, wakaanza kuuliza. Walimuuliza mwenyekiti, wakamuuliza Mchungaji, wakawauliza wazee waliolijua gati hili tangu wakati wa baba yako. Kila mmoja alijibu kwamba anadhani fulani alishawahi kukuchukua kwenda kuvua. Na huyo fulani akiulizwa, anasema anadhani ni fulani mwingine. Mwisho wa orodha hapakuwa na mtu.

Mgeni rasmi, miaka yote hii boti zetu zimeshuka majini kwenye ardhi yako. Kila Jumamosi umekuja, ukashusha kioo cha gari, ukanywa kahawa yako mpaka boti ya mwisho irudi. Sisi tulidhani unakagua. Tulijipanga, tukanyoosha mashati, tukarusha pete tupu ili usikasirike. Hakuna hata mmoja wetu aliyepanda kile kilima akakuuliza, "Garland, unakuja?"

Kwa hilo chama hakina la kujitetea.

MAOMBI

Waswahili wa ziwa hili, kama wapo, wangesema asante ya punda ni mateke. Sisi hatutaki kuwa punda huyo, kwa hiyo tunaomba kwa unyenyekevu yafuatayo.

Tunaomba Dewitt aruhusiwe kuutoa ufito wa Huntsville chini ya kitanda na kuurushia mwavuli wenye vyambo vyote vitano, akiwa majini, mbali na keki. Hatuombi mwingine. Mzigo mzito unataka ufito mrefu, wenye tumbo gumu, ncha yenye subira na mshikio wa mikono miwili, na huo tayari tunao.

Tunaomba gati libaki gati, bila kutegemea nani ameshika nini. Kama unataka tulipe kitu, sema. Mwenyekiti ana kuku wengi.

Tunaomba pia kusema jambo kuhusu mfuko mrefu wa kitambaa uliouegemeza nyuma ya kiti chako. Aya hii imeandikwa kwa kalamu sasa hivi, wakati Mchungaji akiomba. Tumeuona mfuko ulipoingia nao. Mwenyekiti ameuona, ndiyo maana kikohozi chake kimezidi. Tunaona kwamba ni mwembamba. Kamati imenong'ona, na wengi walitaka tukuombe usiufungue.

Dewitt amekataa. Amesema ufungue. Amesema kama ni ndugu wa ule wa kwanza, basi wamekamilika, kwa sababu kule kijitoni kuna nafasi ya watu wawili, na kwa siku zote hizi kulikuwa na ufito mmoja. Huo wa pili tunaomba usitupe sisi. Ubaki nao.

Na Jumamosi ijayo, kabla hajashusha boti, Dewitt atapanda kile kilima. Atakuwa amevaa buti za majini na ameshika jozi nyingine ya saizi yako, ambayo mkewe aliikisia kutoka kwenye bango. Atagonga kioo cha gari. Tunaomba ufungue mlango.

Mungu akujalie mkono mwepesi, maji matulivu na samaki wasio na haraka. Awabariki pia wenzetu wa ng'ambo, kwa kiasi. Chakula kiko tayari.

Ni sisi,

Wanachama wa Chama cha Wavua Besi wa Pruitt Bend,
Pruitt Bend, Alabama.